Karatasi Haipimi Imani: Hojaji ya Kiwewe na Familia Zetu

 

Njia itokayo Meru kuja huku kwetu pwani imeziunganisha nyumba nyingi za Waislamu. Wapo watu wa Kinoru, mtaa wa mji wa Meru ambao wengi huujua kwa uwanja wake wa michezo, wenye mabinti walioolewa Mombasa. Na wapo wenyeji wa pwani waliokwenda huko kwa biashara na kazi, wakazaa huko na kuzika huko. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka upande wa Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, penye daraja lijulikanalo kwa ajali, na watu zaidi ya 30 wakafariki dunia. Waliofariki walizikwa, matanga yakaondolewa, na magari yanapita hapo kila siku kama kawaida. Lakini wapo waliobaki: walionusurika, waliokwenda kuzitambua maiti, walioshuka bondeni kuokoa, na waliokuwa wakimngoja kituoni jamaa asiyefika. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia juma hili, wao na kila aliyepatwa na jambo la kutisha, kisha watu wakadhani amepona kwa sababu mwili wake hauna jeraha.

Siku hizi mtu wa namna hiyo akifika hospitalini, huenda akapewa karatasi yenye maswali na kuambiwa aijaze mwenyewe. Karatasi hiyo huitwa hojaji. Wengi huipokea kwa hofu. Huyu hujiuliza iwapo ameshaonekana mwendawazimu. Yule huona kwamba kukiri hapati usingizi ni kukosa subira na kutoridhika na kadari ya Mola wake. Na yuko mwingine ambaye humpa mumewe kalamu amjazie, akihofia asije akaandika neno litakaloiaibisha nyumba. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kueleza karatasi hii ni kitu gani, inafanya nini, na haiwezi kufanya nini.

Maradhi yenyewe

Binadamu akipatwa na la kutisha, kama ajali, vita, kuvamiwa au kushuhudia mauti mabaya, ni kawaida atetemeke, akose usingizi, alie na asitake kula. Kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Kwa baadhi yao haipungui. Yakishapita zaidi ya majuma manne, na mambo manne yakajikusanya kwa mtu mmoja hata yakamharibia maisha yake, hapo ndipo matabibu huanza kuyatazama kama maradhi ya kiwewe.

La kwanza, tukio humrudia bila ya kulitaka, iwe kwa jinamizi usiku au kwa picha zinazomjia mchana, moyo ukamdunda kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. La pili, hukimbia kila kinachomkumbusha: njia, gari, harufu, hata mazungumzo. La tatu, moyo na fikra hubadilika, akajilaumu kwa lisilokuwa kosa lake, akajitenga na wapenzi wake, asifurahikie hata mtoto wake. La nne, mwili hukaa tayari kwa hatari isiyokuwepo: hushtuka kwa mlango ukigongwa, hukasirika upesi, hulala kidogo.

Matabibu wa Marekani waliyapa maradhi haya jina lake rasmi katika kitabu chao cha kuainisha maradhi ya akili mwaka 1980, lakini jambo lenyewe si jipya, wala si la Wazungu pekee. Mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akabainisha kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kuwa hofu na huzuni zina tiba zake. Hakuyahesabu hayo kuwa upungufu wa dini.

Maswali yanauliza nini?

Hojaji zipo nyingi. Mojawapo inayotumika sana duniani huitwa PCL-5. Ina maswali 20, yamegawanywa kwa kuyafuata yale mambo manne tuliyoyataja. Kila swali linahusu mwezi mmoja uliopita, na mjazaji huandika jambo hilo limemsumbua kwa kiasi gani: 0 ikiwa halikumsumbua kabisa, hadi 4 ikiwa limemsumbua kupita kiasi. Jumla yake basi ni kati ya 0 na 80, na waliyoitunga wamependekeza kuwa aliyefikia baina ya 31 na 33 atazamwe kwa karibu zaidi. Iko nyingine iitwayo IES-R, yenye maswali 22 juu ya siku 7 zilizopita. Na iko hojaji ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyochapishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Vietnam, Kambodia na Laos, ambayo huanza kwa kuorodhesha masaibu yaliyompata mtu kabla ya kumuuliza anavyojisikia.

Natupige mfano, na ni mfano tu. Mama mmoja wa Kinoru amempoteza kaka yake katika ajali ya barabarani. Miezi minne imepita. Anaswali swala zake tano, anapika, anawapeleka watoto chuoni. Majirani husema amesubiri vizuri. Lakini hapandi tena gari, hata akiitwa kwenye harusi ya mwana wa dada yake. Usiku huamka ametota jasho. Na mtoto akiangusha sufuria, yeye hupiga ukelele kisha akampiga mtoto. Akiijaza hojaji peke yake na kwa ukweli, huenda akapata 38.

Je, 38 maana yake nini? Maana yake ni kuwa mama huyu anahitaji kukaa na mtu aliyesomea kazi hii, amsikilize na kumpima kwa utulivu. Hesabu hiyo haithibitishi maradhi, kwa kuwa karatasi haimjui. Ni kama kipimajoto: kinaonyesha kuwa mwili umepanda joto, lakini hakisemi kama ni malaria au ni homa nyingine. Kadhalika aliyepata 20 asifukuzwe akaambiwa ni mzima, ikiwa hajalala juma zima. Hojaji humchagua wa kutazamwa kwanza, na baadaye, baada ya matibabu, huonyesha kama hali imepungua. Hiyo ndiyo kazi yake.

Pale karatasi isipotuelewa

Hapa ipo hoja ambayo watu wa hospitali wanahitaji kuisikia kutoka kwetu. Hojaji hizi zilitungwa kwa lugha nyingine na kwa watu wa ada nyingine. Haziwi batili kwa sababu hiyo, ila zahitaji mtu mwenye busara wa kuzisoma.

Mjane aliye katika eda hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, akaacha pambo na manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Akiulizwa kama amejitenga na mambo aliyokuwa akiyapenda, jibu lake la kweli ni ndiyo, hali ya kuwa anatii sheria ya Mola wake. Asiyejua eda atalihesabu jibu hilo kuwa dalili.

Swali jingine, lililomo katika ile hojaji ya Harvard, humuuliza mtu kama anahisi hana mustakabali. Muislamu aliyelelewa kukumbuka mauti, asiyesema la kesho ila kwa kusema inshallah, anaweza kuwa amekata tamaa, na anaweza kuwa ni mchamungu tu. Tofauti ya wawili hao haionekani katika tarakimu. Huonekana mtu akiulizwa kwa mdomo: je, wapanda mahindi msimu huu? Je, wamwekea mwanao karo? Mchamungu hupanda na huweka akiba huku akimtegemea Mola wake, lakini aliyekata tamaa haoni haja ya kupanda.

Tena iko tafsiri. Ukimuuliza mtu kwa Kiswahili kama amekuwa "macho" sana, atadhani wamsifu kwa hadhari, kumbe muulizaji alikusudia mtu asiyetulia, anayegeukageuka nyuma yake kama anayewindwa. Ndiyo maana wataalamu waaminifu hawatosheki na tafsiri moja. Mmoja hufasiri, mwingine asiyeiona asili huirudisha katika lugha ya kwanza, kisha hulinganisha, na baada yake huwauliza watu wa kawaida walichofahamu. Kwa huyo mama wa Kinoru, huenda hata Kiswahili kisitoshe. Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na msikitini, na Kimeru ndicho alichofundishwa kulilia. Ana haki ya kuulizwa kwa lugha hiyo.

Nairobi, mwaka 1998

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa kwa bomu. Watu 213 walikufa pale Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo Dar es Salaam nako wakafa watu 11. Wengi wa Nairobi walipoteza macho, kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, kisha kikaja kile kikubwa kikavunja vioo. Waislamu walikuwa miongoni mwa waathiriwa kama wenzao.

Baina ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko, Dkt. Frank Njenga na wenzake waliwapa watu 2,883 hojaji za kujijazia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004 katika jarida la matabibu wa akili la Uingereza. Kiasi cha asilimia 35 ya waliojaza walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya maradhi ya kiwewe. Watu hao hawakuteuliwa kwa kura, kwa hivyo haisemwi kuwa theluthi ya wakazi wa Nairobi walikuwa wagonjwa. Hata hivyo, zaidi ya watu elfu moja waliyaandika kwa mikono yao mambo ambayo huenda hawakumwambia yeyote.

Watafiti wakatazama ni nani hasa waliokuwa na dalili nyingi zaidi. Wakawakuta wanawake, wasiokuwa katika ndoa, wenye elimu ndogo, walioushuhudia mlipuko kwa macho yao, waliojeruhiwa na ambao majeraha yao hayakupona, waliofiwa, na walioingia katika dhiki ya fedha baada ya msiba. Na pamoja na hao wakawakuta wale ambao hawakumweleza rafiki yaliyowapata.

Natulifikiri sana hili la mwisho. Hatusemi kuwa ukimya ndio uliozaa maradhi, kwani huenda aliyezidiwa ndiye anayeshindwa kusema. Lakini katika orodha hiyo, mengi hayamo mikononi mwetu. Hatuwezi kuurudisha mlipuko nyuma, wala kumfufua aliyekufa. Kumsikiliza aliyebaki ni jambo tunaloliweza, na ndilo ambalo aghalabu tunalizuia.

Subira si kufunga mdomo

Tunalizuia vipi? Tunalizuia tunapomwambia mwanamke aliyefiwa, kila afunguapo kinywa, kuwa asubiri. Neno ni la haki, lakini tumelifanya kifuniko cha chungu. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ndiye aliyekuwa mfano wa subira njema. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, wala hakuificha mbele ya wanawe. Na Mtume wetu (S.A.W.), aliposhukiwa na wahyi kwa mara ya kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe. Bibi Khadija (R.A.) hakumwambia kuwa mwanamume hatetemeki. Alimfunika, akangoja hofu ikapungua, akamsikiliza, akamkumbusha wema wake, kisha akamchukua kwa Waraqa bin Nawfal, mtu mwenye elimu ya mambo yale.

Tazameni mpango wa Bibi Khadija: sitara, utulivu, kusikiliza, neno jema, kisha kumpeleka kwa mjuzi. Hojaji iko pale baina ya kusikiliza na kumpeleka kwa mjuzi. Humpa maneno asiyeyapata, na humwonyesha mjuzi pa kuanzia.

Na wako watakaosema kuwa hayo ni majini, asomewe. Nasi twasema: asomewe, kwani Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha pia kutafuta dawa, na hajapata kutufundisha kumpiga mgonjwa wala kumfunga kamba. Asomewe na aende hospitalini, kwa kuwa hapana ugomvi baina ya mambo mawili hayo. Anayekuambia uache moja ili lingine lifanye kazi, muulize dalili yake. Wala zisitudanganye dawa za usingizi za kununuliwa dukani bila ya daktari: huyu anahitaji tiba ya mazungumzo inayomwongoza polepole kuikabili kumbukumbu yake, na dawa ikihitajika, basi atoe daktari.

Adabu za kuijaza

Jaza mwenyewe, mahali pa faragha. Hili ni haki yako hata kama una mume mwema. Wapo wanawake ambao lililowatisha limetokea ndani ya nyumba, na karatasi iliyojazwa mbele ya aliyemtisha mtu haina kweli ndani yake. Mume atakayengoja nje ya mlango wa daktari amemsaidia mkewe kuliko atakayeshika kalamu.

Kama husomi vizuri, au macho hayaoni, omba usomewe maswali na mhudumu mwanamke asiyekuwa jirani wala shemeji. Uliza kwanza karatasi itawekwa wapi na nani ataisoma. Kuuliza si utovu wa adabu.

Sema kweli, usizidishe wala usipunguze. Majibu yako ni ushahidi juu ya nafsi yako, na sisi tumeamrishwa kusimamia ushahidi kwa haki. Anayepunguza kwa kuona haya hujinyima tiba, na anayezidisha kwa kutaka fidia humnyima mwenzake nafasi. Swali usilolifahamu, sema hulifahamu. Uliyomo katika eda, sema umo katika eda.

Usijihukumu kwa karatasi uliyoipata katika simu, ukajumlisha na kulala na hofu mpya. Wala usimjazishe mtoto karatasi ya watu wazima. Watoto wana hojaji zao, tena wao husema kwa michezo na kwa kukojoa kitandani zaidi kuliko kwa maneno.

Na anayewaza kujidhuru asingoje hesabu ya karatasi yoyote. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Kwa hapa Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu lina simu ya bure, 1199, ya kumsikiliza mwenye dhiki.

Neno kwa wenye nyumba na maimamu

Mwezi wa kwanza baada ya msiba nyumba hujaa watu. Mwezi wa nne nyumba huwa tupu. Twawaomba akina mama wa vikundi vyetu, wa pwani na wa Meru, waweke zamu ya kumzuru aliyefikwa na msiba katika mwezi wa tatu na wa nne, wasiende na mawaidha bali na chakula na masikio. Wakiona hapandi gari, halali, anawapiga watoto ambao hakuwa akiwapiga, wamwambie kwa upole kuwa liko jina la jambo hili na iko tiba yake, na wamsindikize hospitalini.

Na maimamu wenzetu, tukisimama juu ya mimbari kuwasalia na kuwaombea waliokufa barabarani, tuwataje na waliobaki hai. Tuseme mbele ya wanaume wote wasikie kuwa mke anayeshtuka usiku hajapungukiwa na imani, na kwamba kumpeleka kwa daktari ni katika huduma za mume kwa mkewe. Mwanamke akisikia neno hilo kutoka msikitini, hataogopa kuishika kalamu. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeyaficha mengi kwa muda mrefu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofia njiani, awaponye walionusurika miili na nyoyo zao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza. Wabillahi tawfiiq.